Risala ya Klabu ya Uchoraji kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wageni waalikwa, shikamooni.

Historia ya klabu yetu ni fupi, hatutakuchosha nayo. Ilianza na wanafunzi wachache. Leo ni fahari ya mkoa mzima, na picha za ukuta wa bwalo ni ushahidi.

Mheshimiwa, sisi tunachora watu. Tunajifunza kwa mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kusoma chuo cha sanaa cha Slade, London, alikosoma pia mchoraji Sam Ntiro wa Machame. Armitage hutumia rangi ya mafuta juu ya lubugo, gome la mti linalopondwa Uganda. Lina matundu na mishono, naye haoni haya kuyaacha yaonekane, hata pale yanapoangukia usoni au kifuani mwa mtu. Mwaka 2021, kwenye maonesho yake katika taasisi ya sanaa ya Royal Academy, London, aliwapa nafasi pia wachoraji waliomtangulia, akiwemo Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu. Mlima huu umezaa wachoraji, Mheshimiwa, na bado unazaa.

Nasi, kwa kuwa turubai ni ghali, tunachora juu ya magunia ya kahawa tuliyoyapaka gundi na chokaa. Gundi hiyo ikilowa, rangi yote inabanduka. Na chumba chetu kinavuja. Masika yaliyopita mama mpishi, aliyekubali kukaa tumchore, alihamishwa na kiti chake kona hadi kona akikimbia matone. Kila akihama, mwanga unabadilika usoni pake. Picha ile haikuisha. Zilizokuwa zimeisha ziliota ukungu kabla ya kukauka.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunayemshukuru kwa hotuba yake nzuri, aliahidi bati mbele ya wazazi hawa hawa, tukampigia makofi. Wa mwaka jana alisema atalifuatilia yeye mwenyewe. Nakala za barua zetu za kukumbusha ziko kwenye faili, na katibu amekuja nalo. Hatusemi kwa ubaya, Mheshimiwa. Tunasema kwa sababu mawingu yameanza kujikusanya.

Tunaomba bati 30 za geji 28, mbao na misumari. Fundi hatuombi, wazazi wamejitolea. Tunaomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, lolote utakalotuahidi uliandike kwenye kitabu cha wageni, pamoja na tarehe, kabla hatujaelekea kwenye chakula.

Tunaomba kuwasilisha.