Elia, usinunue ile seti ya sponji

Area C, Dodoma
14 Septemba

Ndugu yangu Elia,

Mbukwa. Natumaini mama watoto na wadogo zako hawajambo huko Nzuguni. Picha ya sponji za kupigia polishi uliyonitumia nimeiona, ile seti ya rangi tano kwenye boksi moja, na nakuandikia kabla hujatuma hela Kariakoo. Usiinunue. Sponji zenyewe huenda ni nzuri tu, ila ndani ya boksi kuna moja ya kila aina, na sponji moja haimalizi gari.

Sponji ikifanya kazi kwenye mashine inakunywa dawa ya polishi, na papo hapo inabeba unga wa rangi inayokwanguliwa. Ukishamaliza boneti na fenda mbili, igeuze uitazame usoni. Utaona duara la kijivu lililoganda, vitundu vimeziba, na ukiikamua kidogo kwa kidole dawa inachuruzika. Sponji ya namna hiyo haikati tena. Inarusha matone kwenye vioo, inapata moto, na inaacha ukungu mahali ulipotaka ing'ae. Kwa IST hesabu sponji nne kwa kila hatua, yaani kuondoa mikwaruzo na kisha kumalizia. Kwa Prado au Noah hesabu sita. Ndiyo maana nasema bora sponji kumi na mbili za aina tatu kuliko rangi tano za kupamba rafu.

Halafu usichague kwa rangi. Hakuna kanuni ya pamoja kati ya watengenezaji. Chukua njano peke yake: kwa Lake Country njano ni sponji ya kukata, yaani ya kuondoa mikwaruzo mizito, ngumu kabisa, kwa Meguiar's njano ni ya kati, na ya kukata ni ile ya damu ya mzee, kwa Rupes njano ni ya kumalizia kazi nyepesi, na ya kukata ni bluu. Muuzaji akikuambia "njano ndiyo nzuri, bosi", muulize ya nani. Asipojua, tumia kidole gumba. Sponji ya kukata inakataa kidole na ukiachia inarudi mara moja. Ya kati inabonyea hadi kama nusu, inarudi taratibu. Laini inazama kama andazi la moto, na uso wake ni mororo, matundu yake huyaoni mpaka uisogeze karibu na jicho. Kipimo hicho kinafanya kazi hata kwa sponji isiyo na jina.

Sasa magari yenyewe. Mengi tunayoyaosha hapa ni ya Japani yaliyotumika, na rangi ya mengi kati ya hayo ni laini, nyeusi ya kawaida isiyo na chenga za kumeta ndiyo laini kuliko zote. Juu ya rangi hiyo vumbi letu la Mei hadi Oktoba linafutwa kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na hapo ndipo inapotoka ile mikwaruzo ya duara unayoiona jua likipiga mlangoni. Ukiiendea na sponji ngumu itaondoka, lakini utaacha mikwaruzo mipya, midogo zaidi, iliyojaa eneo zima. Mteja haioni kivulini. Ataiona saa nne asubuhi akifika kazini mji wa serikali, Mtumba.

Kwa hiyo anza na ya kati kila mara. Zungushia tepu ya mafundi rangi eneo la sentimeta 50 kwa 50 kwenye boneti, ujaribu hapo. Mikwaruzo ikitoka, umeshapata jibu la gari zima. Isipotoka, badili sponji kwanza uende ya kukata, dawa ibaki ileile, ili ujue kilicholeta tofauti ni nini. Ukibadili sponji na dawa kwa pamoja hutajifunza kitu. Kumbuka kliakoti, lile tabaka angavu la juu ya rangi, kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele, na kwenye kingo za milango na mstari wa boneti ni nyembamba zaidi. Kingo hizo zibandike tepu au uzipite juujuu. Na sponji ikianza kubeba rangi ya gari lenyewe, nyekundu kwa gari jekundu, simama: ama gari halina kliakoti tangu mwanzo, ama umeshaimaliza. Jaribu sehemu iliyojificha ujue ni lipi.

Ukubwa ndiyo sehemu ambayo watu wengi wanakosea. Sponji lazima ilizidi bamba la mashine, lile duara inaponatia sponji, pande zote, milimita tano au zaidi. Bamba la inchi 5 linachukua sponji ya inchi 5 na nusu. Zikilingana, siku ukiinamisha mashine kidogo ukingo wa bamba utagusa rangi, na alama yake haitoki kwa polishi. Ukiweka sponji kubwa mno nayo, pembeni inabaki inapepea bila nguvu. Unene chukua milimita 25 hivi. Zile nene zinapendeza mkononi, lakini kwa mashine yako, inayozunguka huku ikiyumba, unene unameza mwendo: nyuma ya sponji inacheza, uso umesimama. Ukipata yenye tundu katikati chukua hiyo, kwa sababu joto kubwa linajikusanya katikati, ndipo gundi inapoachia na kitambaa cha kunatia kinabanduka mashine ikiwa kasi.

Chora mstari mmoja kwa maka peni kwenye ukingo wa bamba. Ukifanya kazi uutazame. Ukiona unazunguka, sponji inafanya kazi. Ukisimama unatetemeka tu, umekandamiza mno au umeinamisha mashine, na unachofanya hapo ni kupasha rangi moto bure.

Gari likishaoshwa na kupitishwa udongo wa kutolea uchafu ulioganda, sponji kavu ipake dawa kidogo usoni, uisambaze kwa kidole mpaka uso wote upate unyevu. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Kisha weka matone matatu au manne, kila moja kama punje ya choroko. Sambaza kwa spidi ndogo ili isiruke, panda hadi namba nne au tano ya mashine, sogeza mkono polepole, sentimeta mbili na nusu hadi tano kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita. Pita mara nne hadi sita, ukikatiza wima na mlalo. Uzito wa mashine pamoja na mkono mwepesi unatosha. Ukimaliza eneo, sugua sponji kwa brashi ngumu ya plastiki au ipulize kwa upepo wa kompresa kabla ya kuongeza matone. Usiruke hatua hiyo hata ukiwa na haraka.

Usifanye hayo juani. Boneti ikiwa ya moto dawa inakauka kabla haijakata, inageuka vumbi jeupe linaloganda kwenye sponji. Fanya asubuhi au chini ya paa, na miezi hii ya upepo ning'iniza turubai upande unaotoka upepo. Sponji ikianguka chini, hata sekunde moja, hiyo imetoka kazini mpaka ioshwe. Chembe moja ya mchanga wa Dodoma inatosha kuchora mlango mzima.

Kuosha: maji yetu ya visima yana chumvichumvi na sabuni haitoi povu vizuri, kwa hiyo tumia sabuni ya maji ya vyombo kwenye maji ya uvuguvugu, loweka dakika kumi, kandamiza kwa kiganja, suuza mara mbili. Usiikamue kwa kuipinda kama nguo, itachanika kwenye gundi. Petroli na tina zisiikaribie. Anika kivulini juu ya wavu, uso wa sponji chini, upande wa kunatia juu, ili maji yasilale kwenye gundi. Jua la hapa linaifanya iwe ngumu na kuilegeza gundi. Ikikauka, kila aina ndani ya mfuko wake wenye zipu, umeandika juu. Ile ambayo ukiibonyeza hairudi, au ukingo umechanika, ifanye ya kupakia dawa ya matairi.

Agiza hivi: inchi 5 na nusu, sita za kati, nne laini, mbili za kukata, inchi 3, mbili za kati na mbili laini pamoja na bamba lake dogo, kwa ajili ya nguzo za milango, vioo vya pembeni na bampa. Sponji za manyoya ziache kwanza. Zinakata sana, na kwa magari yako ya rangi laini zitakupa kazi ya pili. Mwambie muuzaji azifunge kwenye katoni, zisipangwe chini ya mzigo wa basi, maana sponji iliyolaliwa siku mbili inabaki imepinda na itatetemesha mashine.

Kabla hujaagiza, ng'oa sponji iliyopo, pima bamba kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo, unitumie kipimo. Baadhi ya mashine zinauzwa na bamba la inchi 6, na likiwa hilo namba zote za hapo juu zinabadilika.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Yona