Kabla hujakata pleti za Volkswagen yako

Ndugu yangu wa tangu utotoni,

Salamu nyingi sana. Barua yako imenifikia pamoja na picha zote nne, nami nimezitazama mpaka taa ikazimwa. Kwa hiyo umeipata kweli! Beetle ya 1967, madigadi za asili, sakafu haijaoza. Nimekumbuka tulivyokuwa tukiichora gari hii kwenye kurasa za nyuma za daftari la hesabu, mbele imeinama karibu iguse barabara. Hongera, hongera tena.

Lakini mistari yako miwili ya mwisho imeninyima usingizi. Unasema Jumamosi fundi anakuja kukushushia mbele kwa kukata pleti, zile bapa za chuma cha springi zilizo ndani ya mabomba mawili ya mbele, na kwamba ni kazi ya asubuhi moja. Naomba umwambie asije. Sikatai gari lishushwe. Beetle iliyoinama mbele bado ndiyo inayonifurahisha kuliko gari lolote. Ninachokataa ni hiyo njia, kwa sababu nimeshaipita, na sijawahi kukusimulia mwisho wake.

Langu lilikuwa la 1963. Nilikata pleti kwa mikono yangu, nikapunguza nyembamba zote katika bomba la chini na nusu ya zile za juu, nikaacha vipande vifupi tu katikati na kwenye ncha ili tundu la mraba zinamoingia lijae. Jioni ile lilikaa kama nilivyolitaka tangu nikiwa na miaka kumi. Nililizunguka mara ngapi sijui. Kesho yake nikampakia dada yangu na wanawe wawili nyuma. Barabarani palikuwa na tuta dogo ambalo nilikuwa nikilivuka kila siku bila kulifikiria. Mbele ikazama, mikono inayobeba magurudumu ikagonga mwisho wake kwa kishindo, kisha gari likarushwa juu, na katika ule muda mfupi usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kana kwamba haujaunganishwa na kitu. Tulipotua tulikuwa tumeshahamia upande wa pili wa barabara. Hapakuwa na gari linalokuja. Dada yangu hakusema neno, aliwashika tu watoto. Nilipozichomoa zile pleti wiki iliyofuata, nikakuta moja ya zilizobaki imekatika katikati, pale penye kishimo cha skrubu.

Kosa langu halikuwa kushusha. Nilichanganya mambo mawili ambayo ni tofauti: urefu wa gari kutoka chini na ugumu wa springi. Ukilielewa hili, hayo mengine yote utayaona mwenyewe hata kabla sijakwambia.

Gari lako halina springi za koili mbele. Kuna mabomba mawili yaliyolala, moja juu ya jingine, kutoka kushoto hadi kulia. Ndani ya kila bomba limeingizwa fungu la pleti za chuma cha springi, zimepangwa pamoja mpaka zikawa kama fimbo moja ya pande nne. Katikati ya bomba fungu hilo limebanwa kwa skrubu yenye nati yake, lisizunguke wala kuhama. Kila ncha imeingia kwenye mkono unaobeba gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono unapanda nalo, na pleti zinajisokota kama nguo inayokamuliwa, likishuka, zinajinyoosha. Ofisi ya Ferdinand Porsche iliombea hataza springi ya kujisokota mwaka 1931, na mpaka leo sijaona mbele ya gari iliyobuniwa kwa nafasi ndogo hivi ikafanya kazi kubwa hivi.

Sasa angalia. Ukipunguza pleti, gari linashuka kwa sababu zilizobaki zimelemewa. Zinasokotwa zaidi hata gari likiwa limesimama, na likitembea hazina nguvu ya kulizuia lisigonge chini. Umelipata umbo kwa kuua springi. Lakini ukiziacha pleti zote, ukazungusha tu pale katikati zilipobanwa, mikono yote inapanda pamoja, gari linashuka, na ugumu unabaki uleule wa kiwandani. Hiyo ndiyo kazi ya ajasta: unakata kipande cha katikati cha bomba, unachomelea kifaa kinachoweza kuzungushwa na kukazwa, na kuanzia hapo unachagua urefu kwa spana.

Utasema basi tuweke ajasta. Kwa gari langu la 1963 ndivyo nilivyofanya baadaye, na ilikaa vizuri. Lako ni tofauti. Kuanzia modeli ya 1966 Beetle iliacha kingpini, ile pini nene ambayo gurudumu hugeukia, ikaja na boljointi, kiungo chenye tufe la chuma linalogeuka ndani ya kikombe chake, na boljointi ina kikomo cha kupinda. Mikono ikipandishwa mno kwa ajasta, boljointi inakaa imepinda muda wote, na gurudumu likipanda kwenye tuta inakwama kabla ya safari yake kuisha. Kitu kinachokwama mahali pale ama kinachakaa upesi ama kinavunjika. Shokapu za kawaida nazo zinakuwa ndefu kupita nafasi iliyobaki, itabidi utafute fupi. Na tairodi, zile fimbo zinazotoka kwenye usukani kwenda kugeuza magurudumu, ambazo zilikuwa karibu zimelala, zinaanza kupanda kuelekea kwenye magurudumu, hivyo kila gurudumu linapoingia shimoni usukani unavutwa kidogo bila wewe kuugusa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa gari lako ni spindeli za kushushia. Spindeli ndiyo ile sehemu iliyokamatwa na boljointi mbili, yenye kijiti ambacho gurudumu linazungukia. Katika spindeli hizi kijiti kimehamishwa juu, kwa kawaida inchi 2.5, yaani karibu milimita 63. Gurudumu linapanda, gari linashuka, na kila kitu kingine kinabaki mahali pake: mikono haijapinda, boljointi hazijui kuwa kuna kilichobadilika, shokapu ni zilezile, pleti hazijaguswa. Hakuna kuchomelea. Siku ukitaka kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, unafunga spindeli za zamani na limerudi. Gari la umri huu linastahili hiyo nafasi ya kurudi. Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Mexico, mwaka 2003, na tangu hapo hakuna tena zinazotengenezwa. Tunazozikata ndizo tulizo nazo.

Milimita 63 ni nyingi kuliko unavyodhani. Najua kwenye michoro yetu ilikuwa imelala chini kabisa. Funga spindeli kwanza, uliendeshe gari mwezi mzima, halafu uniambie kama bado unataka zaidi.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila anayeshusha mbele analisahau, na ndilo ninalotaka ulisome taratibu: kasta. Tazama uma wa mbele wa baiskeli. Haukusimama wima, umelalia nyuma kidogo, na kwa sababu hiyo unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaenda moja kwa moja. Kwenye gari lako, mstari unaopita kati ya boljointi ya juu na ya chini nao umelalia nyuma, zaidi kidogo ya nyuzi 3. Huo mlalo ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kona na kulishika gari lisiyumbe kwenye mwendo. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma Beetle ina milimita 2,400. Ukishusha mbele kwa milimita 63 na nyuma ukaiacha, gari zima linainama kwa nyuzi 1.5, na ule mstari unainama mbele pamoja nalo. Umepoteza karibu nusu ya kasta. Kumbuka injini iko nyuma, mbele ni nyepesi tangu mwanzo. Siku ya upepo wa ubavuni utakuwa unasahihisha usukani kila dakika, na hutajua ni kwa nini, kwa kuwa kila nati imekazwa.

Dawa yake ni rahisi, ndiyo maana inaniuma ninapoona imeachwa. Kuna vipande vya kuwekwa nyuma ya bomba la chini, kati yake na shina la chasisi. Vinalisukuma bomba la chini mbele kidogo, boljointi ya chini inatangulia, na mstari unarudi kulalia nyuma. Ukihitaji vipande viwili kwa kila upande, bolti za chini ziwe ndefu zaidi. Usikubali bolti iliyoshika uzi mara mbili tatu tu ati imefika.

Kazi yenyewe tutaifanya pamoja, lakini nakuandikia machache usije ukaanza kabla sijafika. Najua huna subira. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki, hata kwa dakika tano. Upande wa kushoto nati ya beringi ya gurudumu ina uzi wa kinyume, inafunguka kwa kuzungushwa kuelekea upande wa saa. Nimeona kijiti kizima kikiharibiwa na mtu aliyedhani imeshika kutu. Upande huohuo waya wa spidomita unapita katikati ya kijiti na kushikwa na pini ndogo kwenye kifuniko cha nje. Itoe hiyo pini kwanza, usiuvute waya.

Breki usizifungue bomba zake za mafuta. Bati la breki linatoka pamoja na viatu vyake, unalitundika kwa waya juu ya mkono, uzito usining'inie kwenye mpira wa breki. Ukiukuta mpira umepasuka-pasuka, hapo badili yote miwili na utoe hewa kwenye breki, bila mjadala. Tairodi nazo zitolewe kwa kivutio chake. Nyundo inaharibu mpira wa kichwa chake na kuua uzi.

Boljointi ya juu imekaa ndani ya bushi, yaani pete ya chuma, yenye tundu lisilo katikati. Ukiizungusha, gurudumu linaegemea ndani au nje. Piga alama ya rangi kabla hujaitoa, kila upande na alama yake. Mimi sikupiga, na matairi mapya yakaliwa upande wa ndani kabla sijajua.

Na kwa kuwa ekseli, yaani yale mabomba mawili kwa pamoja, itakuwa imelegezwa kwa ajili ya vile vipande vya kasta, nitataka kuvuta mikono yote tuangalie beringi za ndani na bushi zake. Baada ya zaidi ya miaka hamsini, grisi ya zamani huwa imegeuka kama nta. Spindeli mpya juu ya mikono inayocheza ni kazi bure. Hili ndilo litakalotula muda, pengine siku nzima, na naona ndilo zuri kuliko yote: kusafisha mabomba yale kwa kitambaa kwenye fimbo mpaka yang'ae ndani, halafu kuusikia mkono ukizunguka taratibu bila mkwaruzo.

Tukimaliza, litembee kidogo ili likae, kisha lipelekwe kwenye alaimenti, magurudumu yapimwe na kunyooshwa. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, watu wawili wakiwa ndani, uone kama tairi inagusa madigadi. Baadhi ya spindeli hizi zinasogeza gurudumu nje, na pengine utahitaji tairi nyembamba zaidi mbele. Taa zitakuwa zinamulika karibu mno. Tutazipandisha usiku huohuo, gari likiwa limesimama mbele ya ukuta.

Huyo fundi wako namheshimu bila kumjua. Mweleze hivi nilivyokueleza. Lakini endapo siku moja utaamua ajasta, na mtu akataka kuchomelea ekseli ikiwa bado garini, mzuie kwa mwili wako. Tangi la petroli la Beetle liko palepale juu ya ekseli, chini ya boneti ya mbele. Tangi litoke na lipelekwe mbali, ekseli itolewe na ichomelewe mezani, pleti na beringi zikiwa nje. Na mabomba yapozwe polepole, yakipinda hata kidogo mikono haitazunguka sawasawa maisha.

Nimeandika mengi, na mkono umechoka. Dada yangu anakusalimu. Nilimsomea barua yako, akaniuliza kama umeshakata kitu, nikamwambia bado. Nijibu upesi kama ndivyo. Tafuta spindeli zilizo wazi kuwa ni za boljointi, maana za kingpini hazitaingia, na vipande vinne vya kasta pamoja na bolti zake ndefu. Stendi nne ninazo, kivutio cha tairodi ninacho, ovaroli yako uliyoiacha kwangu ipo pia, nimeifua. Nitafika Ijumaa jioni ya wiki ya pili kuanzia sasa, ili Jumamosi tuanze alfajiri kabla ya jua kali.

Lioshe chini kabla sijafika. Nataka kuona chuma.

Mimi rafiki yako wa siku zote