Mwalimu wa Rabai

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako kwamba unataka kuacha ualimu uende Turkana kuwa mmisionari niliupata, nikausoma, nikampa baba yako naye akausoma. Wajomba zako wanaulizia habari ya pensheni, na wana haki ya kuuliza. Hayo mtayazungumza wenyewe mkikutana. Mimi sikukatazi kwenda Turkana. Ila kabla hujawaandikia TSC, tume ya walimu, barua ya kuacha ualimu, nataka umjue mtu mmoja. Naona sote tulitoka shuleni na picha moja tu ya mmisionari, Mzungu na kofia yake, na sitaki uende na picha hiyo.

Huyo mtu ni William Jones. Jina ni la Kiingereza, lakini yeye alikuwa Mwafrika, mtu wa kabila la Wayao, akatekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani. Siku hizo manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na watoto waliookolewa wengi walipelekwa India. Huko Nasik wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana cha Uingereza, walikuwa na shule yao, na ndiko Jones alikokulia, akabatizwa, akajua kusoma na kuandika. Mwaka 1864 yeye na mwenzake Ishmael Semler walirudishwa Afrika, wakaletwa Rabai, karibu na Mombasa, kumsaidia mmisionari Johannes Rebmann, ambaye mwenzake Krapf alikuwa amekwisha kumwacha na kurudi Ulaya. Hebu fikiria mwenyewe: umeuzwa ukiwa mtoto, umekuwa mtu mzima ng'ambo, kisha unarudishwa pwani ileile ambako watu bado wanamilikiwa, na sheria ya Sultani inaruhusu. Utumwa pwani yetu haukufutwa hadi 1907.

Akaanza kwa kufundisha. Akakaa Rabai miaka na miaka akifundisha na kulea kanisa, hata wakati ambapo Wazungu wa misheni walikuja na kuondoka, wengine kwa homa, wengine kwa kuchoka.

Kisha watoro, watumwa waliowakimbia mabwana zao, wakaanza kumiminika. Walitoka mashamba ya Wamijikenda na ya Waarabu na Waswahili wa pwani, wakapanda vilima usiku, wakaingia misheni. Sera ya CMS ilikuwa kutowapokea watumwa wa watu, wasije wakagombana na mabwana zao. Jones hakuwafukuza. Naye angewezaje? Walipewa mahali pa kujenga na kulima, wakaingizwa darasani na kanisani pamoja na wengine. Wenye watumwa walipojua, vitisho vilianza, na zaidi ya mara moja Rabai ilikesha ikingoja kushambuliwa. Mwaka 1888 George Mackenzie wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alipofika Mombasa alikuta kwamba misheni za pwani zina watoro zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa Rabai. Ikabidi wenye watumwa walipwe fidia ili ghasia isizuke, na mwanzoni mwa 1889 watu wale wakapewa hati za uhuru. Kwangu mimi huu ndio umisionari wenyewe, mwanangu. Nasema hivyo nikijua wapo watakaoniambia kazi ya mmisionari ni mimbari.

Katikati ya hayo kuna safari moja. Mei 1885 Askofu Hannington wa Kanisa la Anglikana aliwawekea mikono Jones na Semler wakawa mashemasi. Miezi miwili baadaye askofu akaanza safari ya miguu kwenda Uganda, akamchukua Jones. Walipofika Kwa Sundu, hapo Mumias, askofu akamwachia Jones sehemu kubwa ya msafara, mwenyewe akatangulia na watu 50. Hakurudi. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga, na watu wake karibu wote wakauawa naye. Jones alingoja, habari ilipothibitika akawageuza wapagazi akawarudisha pwani, safari ya majuma mengi, chakula cha shida. Waliingia Rabai Februari 1886. Mbele ya msafara alitangulia mtu amebeba bendera ya buluu, na juu yake herufi nyeupe zimeshonwa: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Fungua 1 Samweli sura ya 4 usome mwenyewe. Wake wa wale wapagazi waliouawa walikuwa wamesimama pale Rabai kila mmoja akimtafuta mumewe, na Jones ndiye aliyetakiwa kuwaeleza.

Kesho yake kulikuwa na watoto wa kufundishwa na watoro wa kulishwa.

Usidhani walimtunza vizuri. Miaka ya 1890 alifika mahali akajiuzulu, kwa uchungu wa jinsi Wazungu wa misheni walivyokuwa wakiwachukulia makasisi Waafrika. Baadaye alirudi kazini. Akafariki 1904. Ukienda Rabai leo utaona kanisa, utaona nyumba za kina Krapf na Rebmann, na makumbusho yenye jina la Krapf. Wale walistahili, sipingi. Lakini nenda ukaulize habari za Jones. Wazee wa kanisa wapo, na wako watu Rabai na Frere Town, kijiji cha misheni pale Mombasa, ambao babu zao walikuwa mahuru, watumwa walioachwa huru.

Sasa wewe. Hao wanaokutuma waulize mambo matatu mbele ya mashahidi: utalipwa na nani, utafundisha au utahubiri tu, na mkuu wako akikosea utamshtaki kwa nani. Wakikwambia uache chaki kabisa, mimi sitafurahi. Huko uendako watoto wanahitaji mwalimu, na wewe ni mwalimu mzuri. Nimekuona ukisahihisha madaftari hadi usiku wa manane, mtoto asiyeweza hesabu ukamwandikia mfano wake peke yake pembeni.

Baba yako anasema uje Pasaka tuzungumze kabla hujatia sahihi popote. Twende pamoja Rabai Jumatatu yake. Anakusalimu, na nyanya yako pia anakuombea.

Ni mimi,
Mama yako