Rehema, likizo iwe Desemba

Mbagala, Dar es Salaam
3 Juni 2026

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, goti la mama limetulia, anakusalimu na anaulizia karanga zake. Mengine baadaye, maana ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi. Eti unaomba likizo ya Agosti ili tutazame vimondo? Nakusihi, hiyo barua usiipeleke ofisini kwanza.

Vimondo vya Agosti, hao Perseidi wanaosifiwa sana Ulaya, hutokea upande wa nyota za mbali kaskazini. Hapa Dar nyota hizo huchomoza usiku wa manane, na mpaka kunapambazuka hazijafika hata theluthi ya anga. Ni kweli Agosti mvua hakuna, na mwezi hautatusumbua. Lakini utoke Dodoma mpaka huku kwa vimondo vya kuchungulia pembeni?

Desemba ndiyo yenyewe. Vimondo vya mwezi huo, Jeminidi, hutokea kwenye kundi la nyota la Mapacha, ambalo kwetu huchomoza kaskazini mashariki kama saa mbili na nusu usiku, na kufikia saa nane liko juu vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 14 mwezi utakuwa mchanga, utazama kabla ya saa tano, halafu giza ni letu mpaka alfajiri. Penye anga safi kabisa watu huhesabu zaidi ya 100 kwa saa. Tukipata hata nusu yake nitashukuru mwaka mzima. Tena vinakwenda taratibu kuliko vya Agosti, kilomita 35 kwa sekunde, jicho linawahi.

Mwambie Juma asiogope. Ninyi wa Mbozi mmezoea kimondo cha tani 16, yeye atadhani yanaanguka mawe ya namna hiyo. Hizi ni chembe tu zilizotoka kwenye Phaethon, mwamba wa angani uliogunduliwa mwaka 1983, na huungua zikiwa bado juu sana.

Kinachonitia wasiwasi ni vuli. Wingu likitanda usiku huo, basi tena. Ndiyo maana nataka uje kwa siku kadhaa, tuwe na usiku wa kuamkia tarehe 15 kama akiba. Hapa mjini taa zimeharibu anga, hata Mbagala siku hizi. Nimezungumza na Bi Mwanaidi, anatukaribisha Kimbiji. Ufuo wake unatazama mashariki na giza lipo la kutosha. Tutachukua mikeka na khanga za kujifunika, simu tuzizime, maana macho yanataka karibu nusu saa kuzoea giza. Darubini haihitajiki.

Tarehe 13 ni Jumapili, kwa hiyo Jumatatu na Jumanne nimeshaziombea ruhusa kazini. Nimebaki kukungoja wewe. Tangu Asha aondoke hatujakaa usiku mmoja tukazungumza mpaka asubuhi, na mimi nina mengi, mengine siwezi hata kuyaandika hapa.

Sasa niambie: bosi wako atakubali Desemba? Shemeji atakuja, au anabaki na mtoto mdogo? Utapanda treni au basi? Juma anaweza kukesha, au tumlaze mapema tumwamshe saa saba? Na ile barua ya likizo, hujaipeleka, sivyo?

Nijibu wiki hii.

Wako,
Saumu