Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: tupe Jumamosi moja ya mazombi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,

Mheshimiwa,

Naomba Nairobi ifanye zoezi la kujihami dhidi ya mazombi, wale wafu wa sinema wanaoamka na kula watu. Jumamosi moja kila mwaka, mwishoni mwa Februari, kabla mvua ya masika haijaanza. Nacheka nikiandika ombi hili na ningependa nawe ucheke, maana kicheko ndicho kitakachowatoa watu majumbani siku hiyo. Najua vizuri kwamba waliozikwa Lang'ata hawataamka usiku wakaanza kuuliza njia ya kwenda Donholm. Lakini zoezi lenyewe nalitaka kwa moyo wote, na nakuandikia wewe kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto na kukabili majanga.

Wapo waliotutangulia. Mei 2011 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilichapisha makala ya kuwafunza watu namna ya kujiandaa mazombi wakivamia. Daktari Ali Khan, aliyeongoza kitengo chake cha dharura, aliwapa ushauri uleule wa vimbunga na matetemeko: maji, chakula, dawa, vyeti, mahali pa kukutana na jamaa. Wasomaji walimiminika hadi tovuti ikazidiwa. Mwezi uliofuata, kule Leicester, Uingereza, mwananchi mmoja aliliuliza baraza la mji wake kwa njia ya sheria ya kupata habari kama lina mpango wowote dhidi ya mazombi. Baraza lilikiri kwamba hakuna mpango unaowataja, ila baadhi ya mambo katika mpango wake wa dharura yangefaa.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa wanajeshi. Mwaka huohuo wa 2011, wapangaji wa jeshi la Marekani waliandika mpango mzima wa vita dhidi ya mazombi kwa ajili ya mafunzo, nao ukajulikana hadharani mwaka 2014. Walieleza wenyewe kwa nini walimchagua adui huyo: wangetaja nchi ya kweli, watu wangedhani vita vinapangwa.

Hapo ndipo nilipoiona Nairobi yetu. Ukiitisha baraza la mtaa kuhusu mafuriko, linageuka kesi. Nani alijenga kando ya mto, nani alimuuzia kiwanja, nyumba ya nani itabomolewa, fidia ililiwa na nani. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliua watu zaidi ya 200 nchini na kusomba nyumba Mathare na Mukuru, kisha matingatinga yakafuata. Tangu hapo, ukitaja mafuriko kando ya mto, watu wanasikia kuvunjiwa, na mtu anayewaza tingatinga huwezi kumkalisha chini ukamfunza njia ya kukimbia maji. Zombi hana kabila, hana chama, hana hati ya shamba. Hatafuti kura wala hapandishi kodi ya nyumba. Mbele yake sote ni nyama tu. Kwa hiyo tunaweza kukaa pamoja, mpangaji na mwenye ploti, tukajadili ngazi na njia bila mtu kuhisi ameshtakiwa.

Tena kuna watoto. Mtoto aliyeona jirani akichukuliwa na maji huwezi kumwambia aigize usiku ule. Lakini mwambie kwamba mjomba wake, aliyejipaka majivu usoni, anakuja kumla, na kwamba lazima afike uwanja wa shule kabla hajashikwa. Atakimbia akicheka, na ile njia haitamtoka kichwani.

Mimi ni mpangaji Pipeline, Embakasi, basi niruhusu nikutembeze huko. Ni saa tano usiku, na mazombi wamejaa barabarani. Majumba yetu ya ghorofa saba na nane yamebanana, na kila ploti ni ngome: geti moja la chuma, kufuli kubwa, grili kila dirisha hadi juu. Zombi hata awe na njaa ya mwaka mzima, hapiti. Watoto wakisikia hivyo wanashangilia. Sasa waulize: na kama zombi yumo ndani tayari? Kama ameanzia chumba cha ghorofa ya pili, pale kwenye ngazi? Ngazi ni hiyo moja. Geti ni hilo moja. Ufunguo anao mtu mmoja, naye amelala au ametoka. Na grili haifunguki kwa ndani.

Kisha mwondoe zombi, uweke mtungi wa gesi unaovuja. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka pale Mradi, hapahapa Embakasi, moto ukafika kwenye makazi, na watu zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Walioishi karibu hawakuwa na dakika za kutafuta ufunguo.

Wizi ni tatizo la kweli na sisemi tung'oe grili. Nasema fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kipande kimoja cha grili katika kila nyumba chenye bawaba na komeo la kufunguliwa kwa ndani, lisilohitaji ufunguo. Anaweza pia kutengeneza kisanduku cha ufunguo wa akiba karibu na geti, chenye kioo cha kuvunjwa wakati wa dharura. Katika sehemu za kazi, kanuni za usalama wa moto za mwaka 2007 zinadai mazoezi ya kutoka jengoni angalau mara moja kwa mwaka. Karani anafanyishwa mazoezi ofisini mchana, halafu jioni anarudi kulala na wanawe nyuma ya kufuli ambalo hakuna aliyewahi kujaribu kulifungua gizani. Jambo hili linanikosesha usingizi kuliko zombi yeyote.

Tuje kwenye maji, ambako nina habari njema. Ushauri wa CDC ni galoni moja kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Galoni ni karibu lita nne. Familia ya watu watano inahitaji lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita 20, ileile ya manjano iliyoletwa mjini na mafuta ya kupikia. Mitungi mitatu tu, Mheshimiwa! Mji unaotegemea bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, umezoea mgao. Akina mama wa Pipeline, Kayole na Kibera wanajua maji ya kunywa yakae wapi, ya kufulia yakae wapi, na yaliyokwisha kufulia yatumike chooni. Hawa wawe walimu wa zoezi. Kaunti iwape nafasi na iwalipe, kwa sababu wanachokijua ndicho ambacho miji mikubwa ya dunia inakitafuta.

Chakula ni kigumu zaidi. Orodha nyingi za kujihami zinamtaka mtu ajaze kabati. Mtaani kwetu mafuta yanapimwa, sukari inapimwa, unga ni wa kadogo, maana kibarua analipwa jioni na kula jioni hiyohiyo. Kumwambia anunue akiba ya siku tatu ni kumtukana. Ila chama tunacho. Kila ploti ina akina mama wanaochanga kila wiki, na wakikubaliana kuongeza kidogo, baada ya muda patakuwa na ndoo zenye vifuniko, za ndengu, maharagwe, njugu na omena, kwa ajili ya ploti nzima. Barabara ikifungwa na maji, au na mazombi, ndoo zinafunguliwa mbele ya wote. Pendekezo hili najua litapigiwa kelele, hasa kuhusu nani atakaa na ndoo. Afadhali kelele hizo zipigwe Februari.

Stima sitaisemea sana. Juni 7, 2016, tumbili mmoja alianguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. Mazombi wakiwa kundi wataweza zaidi ya hapo. Basi kila nyumba iwe na redio ya betri, tochi, na pesa taslimu kidogo, kwa sababu simu iliyozimika haitumi M-Pesa. Nambari ziandikwe kwa kalamu nyuma ya mlango: 999, 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Na kila mtoto aijue kwa kichwa nambari ya mama yake.

Ninaowauliza watakimbilia wapi, wengi hunijibu kwamba watarudi kijijini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika kaunti hii. Hebu waone wote wakielekea kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus na Barabara ya Thika saa ileile. Ijumaa jioni yenye manyunyu, kwenye Barabara ya Jogoo, zombi anayeburuta mguu mmoja ataipita matatu, atageuka kumtazama makanga, kisha ataendelea na safari yake. Na hata barabara ikiwa tupu inaweza kufungwa: kuanzia Aprili 6, 2020 hadi Julai hatukuruhusiwa kutoka Nairobi na viunga vyake. Kwa hiyo zoezi lifunze watu kwenda kwa miguu hadi mahali pa karibu panapojulikana, kwenye mwinuko, kama uwanja wa shule, kanisa au msikiti. Mshale upakwe rangi ukutani. Wanaotembea kila alfajiri kutoka Mukuru hadi Industrial Area wanazijua njia zote za kukatisha, hata zile zinazojaa maji kwanza. Wao ndio wachore ramani.

Kituo kimoja cha zoezi nakiomba kwa namna ya pekee. Ugonjwa unaoenezwa kwa kuumwa, unaoharibu akili, na ambao dalili zake zikishaonekana karibu kila mgonjwa hufa, tayari tunao, na ni kichaa cha mbwa. Jeraha linatakiwa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali kupata chanjo bila kuchelewa. Basi kila aliyeshikwa na zombi apelekwe kwenye mtungi wenye mfereji, kama ile tuliyoiweka milangoni mwa maduka mwaka 2020, aoshwe mkono huku mwenzake akitazama saa. Wataona dakika 15 zilivyo ndefu. Siku mbwa koko atakapomuuma mmoja wao hawataridhika kumwagia maji mara moja na kufunga kitambaa.

Kuna mambo ya kuangaliwa. Zoezi lifanyike mchana, litangazwe mapema redioni na kupitia chifu, wazee wa mtaa na Nyumba Kumi. Waigizaji, ambao wanaweza kuwa vijana wa vikundi vya maigizo, wavae vizibao vinavyong'aa, maana mtaani mtu anayekimbiza watoto hupigwa kwanza akaulizwa baadaye. Wajipake majivu, si unga. Kusiwe na baruti wala milio ya risasi hata kidogo. Mji huu ulizika zaidi ya watu 200 baada ya bomu la Agosti 7, 1998, ukaumia tena katika shambulio la jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, na wapo kati yetu ambao mlio wa ghafla bado unawakalisha chini wakitetemeka. Hao waulizwe kwanza.

Na siku hiyo gari la zima moto lijaribu kuingia Pipeline, king'ora kikilia, likitafuta kufika ploti ya ndani kabisa. Likikwama, tupime limekwamia wapi: kwenye kibanda, nguzo ya stima, mtaro, au matatu iliyoegeshwa. Kila kizuizi kiandikwe. Nadhani hiyo karatasi peke yake itatosha kulipia gharama ya zoezi zima.

Wadi ziko 85. Sikuombi uanze na zote. Anza na moja iliyo kando ya mto na moja ya majumba marefu, uone.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba pia majibu ndani ya siku 21. Kaunti ina mpango gani wa kuwatoa wakazi wa Pipeline moto ukizuka usiku? Wadi yetu imetengewa uwanja gani wa kukusanyika? Mara ya mwisho gari la zima moto lilijaribiwa lini katika vichochoro vyetu? Jibu likiwa hakuna mpango, niandikie hivyo, kama Leicester walivyoandika, nami nitalisoma mbele ya wapangaji wenzangu ili tukubaliane tarehe ya kuanza na majivu yatoke jiko la nani.

Wako mwananchi,

Mpangaji, Pipeline, Embakasi Kusini