Barua ya malalamiko: kostiki soda iliyoniharibia sabuni

Kirumba, Mwanza
19 Mei 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Duka la Kemikali,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KIROBA CHA KOSTIKI SODA CHA KILO 25 NILICHONUNUA KWENU TAREHE 22 APRILI

Mimi ni mtengenezaji wa sabuni hapa Kirumba, na nimenunua kwenu kwa miaka 4. Nawaandikia kwa sababu nimepoteza masufuria 3 ya sabuni, yaani kilo 30 za mafuta. Sufuria la kwanza lilipoharibika nilikuja dukani na kipande mkononi, na kijana wenu wa kaunta akanijibu mbele ya wateja wengine: "Mama, hapo ni mkono wako tu, kostiki haina shida." Nikarudi nyumbani nimemwamini, nikaendelea kuharibu mafuta.

Sabuni yangu naipika kwa moto. Mchanganyiko haujabadilika tangu nianze: kilo 6 za mawese ya Kigoma, kilo 2 za mise, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, kilo 2 za mafuta ya nazi, na kostiki, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, gramu 1,490 katika lita 3 za maji. Kostiki hiyo naipunguza makusudi kwa asilimia 5, mafuta kidogo yabaki ili sabuni isikaushe ngozi. Wateja wangu wengi ni kina mama wa soko la samaki la Mwaloni, wanashinda na dagaa na sato tangu alfajiri, na vidole vyao vimejaa mikato ya miiba. Sabuni kali inawachoma, na sabuni isiyotoa shombo hawaihitaji.

Sufuria la kwanza lilipikika saa 2 na nusu bila kufika pale ninapopajua, pale uji unapogeuka laini na kung'aa kama mafuta ya mgando. Ulibaki mzito, una chengachenga. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, haukuchoma, nikadhani umeiva. Kesho yake nilipokata kwa waya, waya ulipita kama kwenye siagi, na baada ya siku 2 kila mche ukaanza kutoa matone ya mafuta ya rangi ya machungwa.

Nikaanza kujichunguza. Nilidhani maji yameenda na mvuke, kwa hiyo sufuria la pili nililifunika na kuongeza maji ya moto kidogo kidogo. Nilidhani mizani imekufa, nikaipima kwa pakiti ya sukari ya kilo 1, ikasoma sawasawa. Nikamgombeza mdogo wangu kwamba anakoroga kwa pupa na kuingiza hewa. Hilo nimemwomba radhi, maana hewa huacha vitundu tu, haitoi mafuta nje ya mche. Sufuria la pili likatoka vilevile. La tatu nikaliongezea kostiki gramu 200. Safari hii mafuta hayakutoka, lakini sabuni ilijaa punje nyeupe, na ilipokauka ikawa inamomonyoka. Mama mmoja wa Mwaloni alinirudishia kipande chake ndani ya karatasi, kimekuwa unga. Hakunidai hela. Alisema tu, "Angalia dada, hii siyo ya kwako." Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara yenyewe.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikakiangalia kiroba chenu vizuri. Kostiki nzuri ninayoijua ni vipande vyembamba vikavu, mfano wa magamba ya sato, ukitikisa vinalia. Yenu ilikuwa imeshikana mabonge, juu ina vumbi jeupe. Mfuko wa nailoni wa ndani ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na kiroba chenyewe kimeshonwa kwa mkono kwa uzi wa rangi nyingine, juu ya matundu ya mshono wa zamani. Kilishafunguliwa kabla hakijanifikia. Tena Aprili yote mvua ilikuwa inanyesha.

Nyinyi mnauza kemikali, mnajua kuliko mimi kwamba kostiki iliyoachwa wazi hunywa unyevu wa hewa, na hewa hiyohiyo huigeuza taratibu kuwa magadi. Kwenye mizani uzito upo, lakini nguvu imeondoka. Ndiyo sababu mafuta yalibaki bila kugeuka sabuni, na nilipoongeza kostiki nikaongeza na magadi, yakaacha punje.

Sikutaka kuwalaumu kwa kukisia. Nilinunua kilo 2 mahali pengine, kopo lina lakiri ya kiwandani. Nikayeyusha gramu 1,490 za kila moja katika ndoo mbili zinazofanana. Ya kopo ilipata joto mpaka sikuweza kuweka kiganja ubavuni mwa ndoo, na ilipotulia maji yakawa maangavu, hayana kitu. Ya kwenu ilipata uvuguvugu tu, na unga mweupe ukatuama chini. Kisha nikachukua kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kila upande, nikakiyeyusha kwenye maji mengi, yakapoa, nikamimina siki robo kikombe. Cha kopo kilikaa kimya. Cha kwenu kilitoa povu kama soda iliyofunguliwa, na hiyo ni dalili ya magadi. Kwa kostiki ya kopo nikapika sufuria la nne, mafuta yaleyale, mwiko uleule, mdogo wangu yuleyule akikoroga. Sabuni imetoka ngumu, laini, haina punje wala tone la mafuta.

Naomba mnirudishie shilingi 90,000 za kiroba hicho. Nakala ya risiti nimeiambatisha. Mafuta ningeweza kuyadai pia, na sijaamua kuyasamehe, nasubiri kwanza kusikia mnavyolichukua jambo hili. Ninachokitaka zaidi ni mwangalie stoo yenu. Kama viroba vinafunguliwa ili kupimiwa wateja wa kilo moja moja na baadaye kushonwa na kuuzwa kama vizima, anayenunua aambiwe. Na waliochukua mzigo huo pamoja nami wapigiwe simu. Najua wapo wanaoanza, wamekopa kwenye vikundi, na hivi sasa wanaamini mkono wao ndio mbaya.

Kiasi kilichobaki, kama kilo 19, nimekihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na kiroba na uzi wake. Vipande kutoka masufuria yote 4 viko mezani, nimeviandika tarehe. Mtu wenu anaweza kuja siku yoyote baada ya saa 9 mchana, na siki ninayo. Nitashukuru kama atakayekuja ni yule kijana wa kaunta.

Wenu,
Mtengenezaji wa sabuni, Kirumba