Yah: Malalamiko kuhusu maelekezo ya kutumia urea yaliyotupotezea mbolea ya msimu

Kikundi cha Wakulima wa Mahindi,
Bonde la Lukuledi,
Mkoa wa Lindi.

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Usambazaji wa Mbolea,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima tisa, na ninaandika kwa niaba yao baada ya kukaa kikao na kukubaliana kila jambo lililomo humu. Msimu huu tulinunua kwa wakala wenu mifuko 14 ya urea ya kilo 50, tukaitumia kukuzia mahindi kwa kufuata maelekezo ya mtaalamu wenu neno kwa neno, na sehemu kubwa ya mbolea hiyo ikapotelea hewani kabla mizizi haijaifikia. Hatulalamikii mbolea yenyewe. Tunalalamikia maelekezo, na zaidi ya hayo tunalalamikia jibu tulilopewa tulipokwenda kuuliza.

Mtaalamu huyo alifika mwanzoni mwa Januari, akatukusanya chini ya mwembe ulio mbele ya duka la wakala na kutugawia vipeperushi vyenye nembo yenu. Kipeperushi, ambacho nakala yake nimeiambatanisha, kina mstari mmoja tu kuhusu namna ya kuweka mbolea: kunyunyiza kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo baada ya palizi. Mzee mmoja wa kikundi chetu aliuliza kama hatupaswi kufukia, kama alivyozoea kufanya zamani alipokuwa akitumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), naye akajibiwa mbele yetu sote kwamba urea huyeyuka yenyewe kwa umande, na kwamba kuchimba ni kujichosha bure.

Tukanyunyiza. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili nyuma, udongo wetu wa kichanga ulikuwa na unyevu juu juu, na baada ya hapo jua likawaka siku 11 bila tone, jambo ambalo si geni kwetu huku kusini kati ya Januari na Februari. Asubuhi ya siku ya tatu chembe zote nyeupe zilikuwa zimetoweka, nasi tukafurahi tukidhani zimeingia ardhini. Lakini ukiinama kwenye tuta ulikutana na harufu kali iliyowasha pua, kama ya mkojo uliolala zizini, na harufu hiyo ilikaa shambani siku kadhaa. Hiyo ndiyo ilikuwa fedha yetu ikiondoka, na hakuna aliyekuwa ametuambia.

Maana ya harufu ile tulielezwa baadaye na afisa ugani wa kata. Urea ikikutana na unyevu pamoja na vimeng'enya vilivyomo udongoni na kwenye mabaki ya mimea, hugeuka na kuzaa amonia. Mabadiliko hayo yakitokea chini ya udongo, amonia hunaswa na kubaki pale mizizi inapoweza kuifikia; yakitokea juu, kwenye joto na kichanga kama chetu, sehemu yake huruka kama gesi. Kwa hiyo unyevu kidogo wa umande, ambao mtaalamu wenu aliusifia, ndio hali mbaya kuliko zote, kwa kuwa unatosha kuyeyusha chembe lakini hautoshi kuzishusha chini. Mkulima anatakiwa kuchimba kishimo kando ya mche, kiasi cha upana wa kiganja kutoka kwenye shina ili mizizi isiungue, aweke mbolea na kuifukia kwa kina cha vidole vitatu hivi, au basi aweke pale tu anapokuwa na uhakika wa mvua ya kutosha siku hiyo au kesho yake. Maneno hayo yangeenea nyuma ya kipeperushi chenu na nafasi ingebaki.

Ushahidi tunao shambani. Shemeji yangu alikuwa msibani siku ya mafunzo, akaweka mbolea yake kwa kufukia kama alivyofundishwa na baba yake. Shamba lake limepakana na langu, mbegu ni ileile, tulipanda wiki moja, na urea yake ilitoka kwenye shehena ileile. Mahindi yake yalibaki na rangi ya kijani iliyokoza hadi yalipotoa mbelewele. Kwangu majani ya chini yalianza kugeuka manjano kutoka nchani yakifuata uti wa katikati, ambayo ndiyo alama ya njaa ya naitrojeni, na sasa yamebeba mahindi mafupi yasiyojaa punje.

Tulipompelekea wakala wenu habari hizi alitujibu kwamba ardhi yetu imechoka. Jibu hilo limetuumiza kuliko hasara, kwa sababu ardhi ya shemeji ni hii hii yetu. Wala hatukukimbilia kusema mmetuuzia mbolea feki: tulichukua kijiko cha urea iliyobaki, tukaikoroga kwenye glasi ya maji, ikayeyuka yote bila mashapo, na glasi ikawa baridi mkononi, kama inavyotarajiwa kwa urea halisi.

Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23 katika kila mfuko na kilo 322 katika mifuko yetu 14. Hatudai kwamba zote zimepotea. Tunaomba mtufidie mifuko saba kabla ya msimu ujao wa kupanda, na mfuko mmoja mmoja mtakaoleta tuupime mbele ya wakala. Tunaomba pia, na hili ndilo la haraka zaidi, mviondoe vipeperushi hivyo madukani, kwa kuwa wenzetu wanaolima mpunga mabondeni wanavyo mikononi na bado hawajamaliza kukuzia. Kisha mchapishe vipya kwa Kiswahili, vinavyotaja kufukia, umbali kutoka kwenye shina na hatari ya jua. Sisi tunaishi mikoa inayotoa gesi asilia, Mnazi Bay kule Mtwara na Songo Songo hapa Lindi, na gesi ya namna hiyo ndiyo viwanda vya urea duniani hutumia kutengenezea amonia. Inatuuma kuinunua ikiwa imefungwa mfukoni na kuirudisha hewani kwa kukosa mstari mmoja wa maelezo.

Tunasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 21. Tusipolipata tutawasilisha suala hili rasmi kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, tukiambatanisha kipeperushi, stakabadhi za mifuko yote na picha za mashamba hayo mawili. Mtaalamu wenu akija kujionea mwenyewe tutampokea vizuri. Aje kabla hatujavuna.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Kikundi

Nakala: Afisa Kilimo wa Wilaya